Wametangaza salio langu foleni nzima ikisikia

Kwenye simu benki hii sina ugomvi nayo. Ujumbe unaingia, muamala ukikwama unauona kwa macho, huhitaji kuongea na mtu. Ningewapa nyota nne nikaendelea na maisha. Lakini mwezi uliopita hivi, au ule wa kabla yake, nilibadilisha laini, ikabidi niende tawini kuhakiki namba mpya.

Mimi sisikii vizuri. Sindano za kanamaisini za kifua kikuu sugu ziliniponya mapafu zikaondoka na masikio. Navaa vifaa vya kusaidia kusikia pande zote mbili, na watu wanadhani ukishavaa mambo yamekwisha. Kifaa kinakuza kila kitu: feni, mashine ya kuhesabia noti, mtoto anayelia mgongoni mwa mama yake. Mwisho kabisa ndiyo inakuja sauti ya aliye nyuma ya kioo, tena ameinamia kompyuta, hata midomo huioni.

Namba za foleni wanaita kwa spika. Runinga ipo ukutani, kubwa tu, inaonyesha tangazo la mkopo wa watumishi. Yangu ilishaitwa sijui mara ngapi. Ni dada wa kiti cha jirani aliyechungulia karatasi yangu ndiyo akanigusa bega.

Dirishani nikatoa simu, nikafungua Live Transcribe, ile programu ya Google inayogeuza maneno kuwa maandishi. Kiswahili nacho inaandika, wakati mwingine inaandika vituko, ila inanifikisha. Kabla haijaandika chochote mlinzi akanishika mkono, akanionyesha tangazo lililobandikwa: simu haziruhusiwi. Sababu naijua, vibaka huelekezana kwa simu nani katoka na fedha. Nikamwambia bila hii sisikii. Akatazamana na binti wa dirishani. Binti akasogeza kipaza sauti.

"Mama, umekuja na nani?"

Hilo nililisikia! Sikuja na mtu. Nimekuja na kitambulisho changu cha NIDA na akili zangu timamu. Nikamwomba aandike kwenye karatasi, kalamu iko hapo hapo imefungwa kamba. Yeye akaongeza sauti. Sasa, ukimpigia kelele mwenye kifaa ndiyo unamharibia kabisa, maneno yanapasuka. Mimi niliambulia ngurumo. Waliokuwa nyuma yangu waliambulia jina langu kamili, namba yangu ya zamani na salio. Salio! Kwa spika! Simu yangu ni hatari kwa usalama, lakini wao kunitangazia fedha mbele ya watu nisiowajua ni huduma kwa mteja.

Binti yule labda si mbaya. Labda hajafundishwa, na foleni ilikuwa ndefu. Halafu nikikumbuka napandwa tena, maana kuandika "tarehe ya kuzaliwa" kwenye kipande cha karatasi kunahitaji semina ya wapi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Sijaomba hata wafunge ule waya chini ya kaunta unaopeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa chenye alama ya T, ingawa upo na wenzetu huko nje wanautumia mpaka makanisani. Nimeomba kalamu. Na namba zionekane kwenye runinga ambayo tayari wanayo, na mlinzi aambiwe kwamba kuna watu simu ndiyo masikio yao.

Basi nyota moja, ya ule upande wa simu. Tawini sifuri, na kama unamlea mzazi asiyesikia vizuri usimpeleke pale. Mimi ningeshafunga akaunti zamani, ila kufunga nako ni mpaka ufike dirishani.