Mzee abaki Kitwe au arudi Tukuyu?

Wanyakyusa walianza kwenda migodi ya shaba ya Copperbelt, Zambia, tangu enzi za mkoloni, na wapo waliozeekea huko. Ndugu walioko Tukuyu, wilayani Rungwe, wanapiga simu: "Baba mkubwa arudi nyumbani." Watoto waliozaliwa Kitwe, mji mmojawapo wa migodi hiyo, wanajibu kwamba nyumbani ni hapo hapo.

Kubaki Kitwe maana yake ni wajukuu mlangoni na daktari anayeijua presha yake. Cha kukosa ni wenzake wa rika, wanaopungua kila mwaka.

Tukuyu kuna ndizi, maziwa, Kinyakyusa asubuhi hadi jioni, na wa kumzika wapo. Lakini baridi ya Juni na Julai haiyahurumii magoti, na kumwona daktari bingwa ni safari ya Mbeya mjini, kilomita kama 70. Kuna shamba pia. Muulize mdogo wake anayeilima ile migomba kama yuko tayari kuiachia. Atakukaribisha chai kwanza. Halafu karatasi: kama mzee alichukua uraia wa Zambia, Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo atavuka mpaka wa Tunduma akiwa mgeni kisheria. Wanaopiga simu hili hawaligusi kabisa.

Mimi ningemleta kwanza Agosti hadi Oktoba, baridi ikipungua na kabla mvua haijakolea, aonje mwenyewe. Na nyumba ya Kitwe isiuzwe, hata mashemeji wakisukuma vipi.