Molli hadi Zappanale: garimoshi la kwendea, si la kurudia

Bad Doberan ni mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani, karibu na Bahari ya Baltiki. Mtaa wake mmoja wa maduka ni mwembamba kiasi kwamba lori likiingia watu husogea. Ndani ya mtaa huohuo hupita garimoshi la makaa ya mawe, mchana kutwa. Reli zimezikwa katikati ya mawe ya barabara, uzio hakuna, na kengele inayogongwa kwa nguvu ya mvuke hulia mfululizo mpaka behewa la mwisho litoke. Watu hujibanza kando na vikombe vyao vya kahawa, treni inapita kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, kisha mtaa unajaa tena.

Treni hiyo inaitwa Molli. Kila kiangazi huwapeleka mashabiki wa Frank Zappa, mwanamuziki wa roki wa Marekani, kwenye Zappanale, tamasha la siku kadhaa linalofanyika uwanja wa mbio za farasi, kati ya mji na ufukwe wa Heiligendamm. Wengi huiona Molli kama pambo la watalii. Kwa mwenda tamasha ni zaidi ya hapo: asubuhi na mchana ni usafiri halisi, tena wenye raha kuliko basi. Usiku hali ni nyingine kabisa, nasi tutalifikia hilo.

Kwanza treni yenyewe. Njia ilifunguliwa mwaka 1886 kutoka Doberan hadi Heiligendamm, ikaongezwa mwaka 1910 hadi mji unaoitwa leo Kühlungsborn. Urefu wote ni kilomita 15.4. Upana wa reli ni milimita 900, yaani sentimita kumi pungufu ya reli ya kati ya Tanzania. Anayeijua treni ya zamani ya Dar es Salaam–Kigoma ataiona hii nyembamba kidogo, na akikaa ndani atagusana magoti na wa mbele yake.

Vichwa vikuu vitatu vilijengwa na kampuni ya Orenstein & Koppel mwaka 1932, na bado vinavuta. Kila kimoja kina magurudumu manane ya kuendesha, mawili madogo mbele na mawili nyuma, na kimebeba maji na makaa yake chenyewe bila behewa la ziada. Mwaka 2009 karakana ya Meiningen ilijenga cha nne cha aina hiyohiyo, kipya kabisa, namba 99 2324-4. Kukitofautisha na wazee wake ni kazi hata kwa mpenzi wa treni. Kipo pia kifupi cha mwaka 1951 kutoka Babelsberg, kisicho na yale magurudumu madogo ya mbele na nyuma. Kikiwa ndicho kinachovuta siku yako usihuzunike. Mlio wake ni mkavu zaidi na una raha yake.

Neno letu "garimoshi" hapa linapata maana yake kamili, na moshi huo ndio wa kuamulia pa kukaa. Behewa la kwanza nyuma ya kichwa ndilo lenye sauti tamu, kila pigo la pistoni unalisikia kifuani, lakini ndilo linalopokea masizi. Chembe hutoka kwa wingi treni inapoondoka kituoni, kwa sababu dereva anafungua mvuke mwingi kwa mkupuo na moto unavutwa juu kwenye bomba. Treni ikishashika kasi moshi hupungua. Behewa la tatu ndiyo nafasi nzuri: sauti bado ipo, shati linabaki na rangi yake. Mwenye lenzi za macho avae miwani siku hiyo. Chembe moja ya makaa chini ya lenzi itamharibia tamasha zima.

Kwenye ncha za mabehewa kuna vibaraza vya kusimama nje. Huko ndiko kwa kupandia mtaani Doberan, maana ukiwa ndani kwenye kiti huioni ile ajabu ya kuta kupita karibu. Ingia mapema, kwa kuwa nafasi hizo hujaa kabla ya viti. Mkono na simu vibaki ndani ya mstari wa behewa: kuna mabango ya maduka na nguzo upande wote, na mwendo mdogo hudanganya. Kuna pia behewa la vinywaji. Ni zuri kwa anayekwenda mpaka mwisho wa njia, ila kwa anayeshuka uwanjani safari ni fupi mno. Kahawa itafika na kituo kimefika.

Sasa namna ya kufika. Ukitokea Hamburg au Berlin, lenga Rostock, kisha panda treni ya mkoa ya kwenda Wismar na ushuke Bad Doberan, chini ya nusu saa. Kituo cha Molli kiko palepale pembeni ya reli kubwa, hakuna teksi wala kutafuta njia. Tatizo la kawaida ni kuunganisha kwa dakika chache. Treni kubwa ikichelewa, Molli haina wajibu wa kukusubiri, na siku za tamasha foleni ya tiketi ni ndefu. Jipe treni moja kabla. Muda ukibaki, kanisa la matofali lililokuwa la watawa Wakatoliki wa shirika la Cistercian, lililowekwa wakfu mwaka 1368, liko umbali wa kutembea. Mjini kuna pia sanamu ya kichwa cha Zappa iliyochongwa na Václav Česák wa Cheki, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2002. Wakati wa tamasha huwezi kuipiga picha bila kichwa cha mtu mwingine kuingia.

Ratiba husomwa kwa saa ishirini na nne. Ondoa sita upate saa ya Kiswahili: 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Linaonekana dogo, lakini wawili wanaopanga kukutana, mmoja akisema saa za Kijerumani na mwingine za kwetu, hukosana kwa saa sita kamili.

Ukipanda, mwambie kondakta kwamba unashuka Rennbahn. Hicho ni kituo kidogo cha uwanja wa farasi, si stesheni yenye jengo, na ukikaa kimya unaweza kujikuta Heiligendamm. Si msiba: unarudi kwa miguu chini ya mistari ya milindeni, miti mikubwa ya kivuli iliyopandwa kando ya njia, nusu saa hivi kwa mwendo wa kawaida. Wengine hufanya hivyo kwa makusudi, wakaona majengo meupe ya pwani kwanza. Heiligendamm ndiko Wajerumani walikoanzia mambo ya kuoga baharini, mwaka 1793, na ndiko treni mbili za Molli hupishana. Ukitaka picha ya vichwa viwili vinavyotoa mvuke pamoja, ipate hapo, si mjini ambako kila mtu amejaa mbele ya kamera yako.

Mwenye hema na mkoba mkubwa asiingie nao kwenye kibaraza. Milango ni myembamba, ngazi ziko juu, na mkoba wa mgongoni ukigeuka nao unampiga mtu. Muulize kondakta kuhusu behewa la mizigo kabla ya kupanda. Kambi ya hema iko hapohapo kwenye viwanja vya tamasha, na hema ndilo linalotatua tatizo kubwa la mpango huu wote.

Tatizo lenyewe ni hili. Ratiba ya kiangazi ya Molli ina treni takriban kila saa moja, lakini inakwisha jioni ya mapema. Bendi kubwa hupanda jukwaani usiku. Katika latitudo ya nyuzi 54, mwezi Julai jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, hivyo mgeni hudhani bado ni mapema, anatazama anga angavu, anaagiza bia nyingine, na treni ya mwisho imekwisha kulala bandani kitambo. Asiye na hema ana njia mbili. Ya kwanza ni teksi, ambayo inabidi aiwekee oda kabla ya giza, kwa sababu mji ni mdogo na teksi zake ni chache. Ya pili ni miguu: njia ya kuelekea mjini ni tambarare na imenyooka, chini ya milindeni, na mwenye mwendo mzuri atahitaji karibu saa nzima kufika stesheni. Chukua tochi. Ukifika mjini angalia pia treni kubwa ya mwisho ya Rostock, maana nayo haikeshi.

Baridi ni jambo jingine linalowapata waliozoea joto la pwani yetu. Mchana nyuzi 21 au 22, jua kali, watu kaptura. Usiku upepo wa Baltiki unaingia uwanjani na hauna cha kuuzuia. Leta koti halisi, si kanga ya kujifunika mabega. Viatu viwe vya kufunika: nyasi za uwanja wa farasi hunywa mvua polepole, na baada ya manyunyu ya nusu saa eneo la mbele ya jukwaa hugeuka tope.

Kuhusu muziki, asiyemjua Zappa aonywe. Si rumba, si reggae, si mahali pa kucheza wimbo mzima kwa mwendo mmoja. Mapigo hubadilika katikati ya mstari, saba yanakuwa matano, kichekesho kinafuatwa na gitaa la dakika kumi. Tamasha lilianza mwaka 1990, Ujerumani Mashariki ikiwa katika miezi yake ya mwisho, likianzishwa na mashabiki waliokuwa wakizitafuta santuri zake kwa shida. Zappa alifariki mwaka 1993. Wamepita jukwaani hapo watu waliopiga naye, akiwemo mwimbaji Ike Willis na Napoleon Murphy Brock. Wasimamizi wa urithi wake walijaribu kulizuia jina la tamasha mahakamani, wakashindwa. Utakutana na watu wenye mvi wanaojua kila solo, na ukiwauliza chochote watakujibu kwa nusu saa.

Je, kuja kote huku kwa ajili ya treni inafaa? Kwa anayekaa Ujerumani, ndiyo, hata asipopenda tamasha: mtaa wa Doberan peke yake unatosha tiketi. Kwa anayetoka mbali kwa ajili ya tamasha tu, Molli ichukuliwe kama kitu cha siku ya kwanza na hema liwe ndilo hoteli. Tunachokosoa zaidi ni kwamba hakuna uhusiano kati ya saa za muziki na saa za reli. Vichwa vya mvuke havizimwi na kuwashwa kama gari. Boila huhitaji saa nyingi kupandisha joto bila kuumiza chuma, na wafanyakazi wana zamu zao. Hata hivyo treni moja tu ya ziada usiku wa Jumamosi ingebadilisha hesabu yote.

Anayetaka safari kamili asubuhi ya siku ya mwisho apande kutoka Rennbahn kuelekea Kühlungsborn West badala ya kurudi mjini moja kwa moja. Kuna makumbusho madogo ya reli kituoni hapo, na mabehewa yakisimama, kichwa hukatwa, huzunguka kwa reli ya pembeni na kufungwa upande wa pili. Hakuna meza ya kukigeuzia, kwa hiyo upande mmoja wa safari kichwa huenda mbele na upande mwingine hurudi kinyumenyume. Simama karibu na viungio wakati wa kufunga: mfanyakazi huingia kati ya behewa na kichwa, anainua chuma kwa mikono, anaunganisha mipira ya breki, anatoka, anapunga mkono, na honi inalia.