Tathmini ya huduma: upangaji wa uwezo wa akiba wa transfoma, Njiro, Arusha

Nasimamia umeme katika kiwanda cha kusaga nafaka eneo la Themi. Tuna transfoma mbili zinazofanya kazi sambamba, kila moja ya kVA 1,000 (kVA ni kipimo cha uwezo wa kubeba umeme), na kwa kuwa mzigo wetu wa juu kabisa, yaani umeme tunaotumia kwa wakati mmoja, ni kVA 1,250, mkandarasi wetu wa awali alituhakikishia kwamba tuna akiba ya kVA 750. Ofisi hii ya washauri ya Njiro iliikataa hesabu hiyo siku ya kwanza: akiba hupimwa transfoma moja ikiwa imezimika, na kwa kipimo hicho tulikuwa na upungufu wa kVA 250.

Mhandisi wao hakuridhika na michoro tuliyompa. Alichuchumaa mbele ya kila transfoma, akafuta kibati chake cha vipimo kwa kitambaa mpaka maandishi yakasomeka: zote ni Dyn11 (mpangilio wa kuunganisha nyaya za ndani), uwiano wa volti ni uleule, lakini impidensi, yaani uzuiaji wa ndani wa mkondo wa umeme, ya moja ni asilimia 5 na ya nyingine asilimia 6. Kwa hiyo mzigo haugawanyiki nusu kwa nusu. Ile ya asilimia 5 hubeba takriban kVA 682 na mwenzake 568, na tukipita kVA 1,833 kwa jumla, ya kwanza inaelemewa ilhali ya pili bado ina nafasi. Alizingatia pia kwamba Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa nyepesi hupoza kidogo kuliko chini ya mita 1,000, kimo ambacho viwango vya kimataifa hukichukulia kuwa kikomo cha kawaida. Sijawahi kumsikia muuzaji akiligusa jambo hilo.

Lililonishtua ni shoti. Ikitokea upande wa volti 400, transfoma zote mbili kwa pamoja zinaweza kusukuma karibu ampea 53,000, na breka zetu zinahimili 50,000. Walipendekeza tuache breka ya kuunganisha pande mbili, kila upande ukilishwa na transfoma yake, ikiwa wazi ili zisisukume shoti kwa pamoja, ijifunge yenyewe transfoma moja ikizimika, na papo hapo mashine za kufungashia na kompresa moja, jumla kVA 300, zikatwe ili transfoma iliyobaki ibebe kVA 950 tu. Hawakututaka tununue transfoma ya tatu, ingawa fedha zake zilikwisha kutengwa.

Ripoti ilichelewa wiki mbili, na upimaji wa mafuta ya transfoma umegusiwa kwa aya moja tu. Hilo nimewaomba waliongeze.