Balbu za indiketa PY21W: ipi ya kununua, na kwa nini upande mmoja unaziunguza kila mara

Kwenye vibanda vya spea pale Kisekka, Kampala, balbu ya njano ya indiketa, inayoandikwa PY21W, utaipata ya aina tatu: isiyo na jina, ya kampuni inayojulikana kama Philips au Osram, na ya LED. Kwa gari dogo, nunua ya pili. Lakini kama kona moja ya gari inaua balbu kila baada ya wiki chache, hata hiyo nzuri itaungua, maana ugonjwa hauko kwenye balbu.

Kabla ya kulipa, soma maandishi kwenye kitako: 12V 21W. Za lori, 24V 21W, zinafanana nazo kama mapacha. Ya 24V kwenye gari dogo inawaka hafifu. Ya 12V kwenye lori inakatika papo hapo. PY21W ya njano ina pini mbili ambazo hazitazamani sawasawa, na P21W nyeupe pini zake zinatazamana kabisa. Tofauti hiyo imewekwa makusudi, ili balbu nyeupe isiingie kwenye indiketa yenye kioo kisicho na rangi. Fundi akitaka kukata pini au kuisukuma kwa nguvu, mkatalie: soketi italegea na balbu itacheza humo mpaka waya wake ukatike. Gari nyingi za Japani hazina pini, zinatumia WY21W yenye kitako bapa, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Ile isiyo na jina ina kasoro unazoweza kuziona kwa macho. Rangi yake hupakwa juu juu. Ikizoea moto inabanduka kama ganda la kitunguu na indiketa inaanza kutoa mwanga mweupe. Tone la risasi la chini ni dogo na laini, springi ya soketi inalichimba, nafasi inabaki katikati, cheche zinaruka. Balbu inazimika huku waya wa ndani ni mzima! Wengi huitupa na kununua nyingine bure.

Usiitupe hivyo. Ishike kwenye mwanga. Ikiwa na ukungu mweupe ndani, hewa imeingia: mara nyingi tone la maji limegusa kioo cha moto, basi kagua mpira wa taa na ufa wowote kwenye kioo cha nje. Kioo kikiwa cheusi, imezeeka au imepewa umeme mwingi. Kioo kikiwa safi na waya umekatika, ni mtikisiko. Barabara za murram zinachangia, lakini shika taa nzima uisukume kwa mkono. Gari lililowahi kugongwa mbele mara nyingi limevunjika masikio ya kushikia taa, na hapo hakuna balbu itakayodumu.

Umeme mwingi unapimwa kwa dakika mbili. Weka mita kwenye DC volti 20, injini izunguke kama 2,000 kwa dakika, pima kwenye betri. Kati ya 13.8 na 14.5 ni sawa. Ikipita 15, regyuleta ya altaneta (inayozuia volti zisizidi) imeharibika, na kwa kawaida taa za mbele na za breki nazo zitakuwa zinaungua. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu hupungua karibu nusu. Kona moja tu ikisumbua, acha altaneta, safisha soketi kwa msasa laini na uinue springi yake kidogo.

LED zinavumilia mtikisiko vizuri kuliko zote, hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba zinakula umeme kidogo mno, flasha (kifaa kinachowasha na kuzima indiketa) inadhani balbu imeungua na inapiga haraka haraka. Wauzaji watakupa rezista ya omu 6, wati 50, ili ile umeme kama balbu ya kawaida. Inafanya kazi, ila inapata moto wa kuyeyusha plastiki, ifungwe kwenye bati la bodi, kamwe isiwe kwenye bampa. Kama flasha ya gari lako inachomoka, nunua flasha ya LED badala ya rezista.

Ukimaliza, hesabu mipigo: 60 hadi 120 kwa dakika, pande zote sawa. Upande mmoja ukikimbia, rudi kwenye ule upande, kuna balbu ambayo haijagusa vizuri.