Nyumba Moja au Nyumba Mbili: Maadili ya Familia katika Filamu Mbili za Kitamil

Samsaram Adhu Minsaram ya Visu (1986) na Vaanathaippola ya Vikraman (2000) zote zilipata tuzo ya taifa ya India ya filamu inayopendwa na watu, ingawa kuhusu familia ya pamoja hazikubaliani. Katika Vaanathaippola, kaka mkubwa, anayeigizwa na Vijayakanth, anakataa kuoa ili awalee wadogo zake, na kujinyima kwake ndiko kunakowaweka wote chini ya paa moja. Ni picha ya kuliza, lakini kaka huyo ni mwema kupita kiasi cha binadamu.

Visu anatazama mahali penyewe panapouma, yaani fedha. Baba na mwanawe wa kwanza wanagombana kuhusu matumizi, hata mstari unachorwa katikati ya nyumba. Mkaza mwana, Uma, anawapatanisha, kisha, wakati mtazamaji anatazamia wakumbatiane na kubaki, anaomba yeye na mumewe wahamie nyumba yao wenyewe, wakutane na wazee kwa furaha siku za mapumziko. Heshima kwa wazazi haijapungua hata kidogo, na kwangu huo ndio uadilifu mgumu zaidi.