Rehema na Daudi darasani: tathmini ya kisomaji cha Edge kwa mtoto mwenye disleksia

Rehema na Daudi si walimu. Ni sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania zilizomo ndani ya Edge, kivinjari cha Microsoft kinachokuja tayari kwenye kompyuta za Windows 10 na 11. Wenzao wa Kenya ni Zuri na Rafiki. Fungua ukurasa, bonyeza Ctrl, Shift na U kwa pamoja, na mmoja wao anaanza kusoma huku neno linalotamkwa likiwekwa rangi papo hapo. Hakuna malipo wala kujisajili. Hapa tunakipima kisomaji hiki kwa kazi moja tu: kumsaidia mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno usiotokana na upungufu wa akili, anayesoma kwa Kiswahili, hasa yule mwepesi wa akili ambaye shuleni anaitwa mvivu.

Kiswahili humsitiri mtoto wa namna hii. Herufi zake hazibadiliki sauti ovyo, kwa hiyo akishashika silabi zake, ba be bi bo bu, mwishowe anasoma maneno mengi bila kukosea. Kinachomsaliti ni mwendo, na maneno marefu. Kwenye "hawakushirikishwa" anaona "hawaku", kisha anabahatisha mkia. Bahati mbaya mkia wa kitenzi ndio unaobeba habari: "walifundisha" na "walifundishwa" vinatenganishwa na w moja, akiiruka mwalimu anageuka mwanafunzi na jibu la ufahamu linakwenda na maji. Mwenye kipaji hufidia kwa kumbukumbu. Akimsikia mwenzake akisoma aya mara moja, zamu yake ikifika anaikariri huku macho yapo kitabuni. Ukitaka kumtambua mpe kifungu ambacho hakijasomwa darasani, kisicho na picha, au maneno yasiyo na maana kama "mbwakelo" na "nging'undo". Hapo kumbukumbu haina pa kushika.

Sasa kisomaji chenyewe. Usimpe mtoto ukurasa ulivyo, na matangazo yake yanayochezacheza. Bonyeza F9 kwanza. Inafunguka Immersive Reader, mwonekano unaobakiza maandishi tu. F9 ikikataa, maana yake Edge haikuutambua ukurasa kama makala; teua aya unazotaka kwa kipanya, bofya kitufe cha kulia, uchague kuzifungua humo. Kisha ongeza ukubwa wa herufi, washa nafasi pana kati ya herufi na mistari, na badala ya nyeupe chagua rangi ya nyuma iliyotulia kidogo. Kuna pia kidirisha kinachofunika ukurasa wote isipokuwa mstari 1, 3 au 5. Wengi hukimbilia mstari 1. Unamfaa anayeruka mistari, lakini sentensi ya Kiswahili mara nyingi huvuka, na mtoto anabaki na kiima bila kitenzi. Anza na 3.

Sauti na kasi vimo kwenye kitufe kimoja juu ya ukurasa. Hakikisha iliyochaguliwa ni ya Kiswahili kweli, maana ikibaki ya Kiingereza utasikia vituko. Mtoto achague mwenyewe kati ya hao wanne; atakayemchoka dakika ya pili hatamsikiliza wiki ya pili. Kasi ndiyo inayoharibu majaribio mengi. Kasi ya kawaida ni ya msikilizaji mzima, na mtoto anayesoma polepole huachwa nyuma, anakata tamaa, anageukia dirishani. Hesabu maneno 100 ya kifungu, piga saa anapoyasoma mwenyewe, kisha piga saa sauti inapoyasoma. Punguza kasi hadi sauti imtangulie kidogo tu. Ikimpita mbali haimfundishi kusoma, inamsimulia.

Na kusimuliwa si dhambi, ila lazima ujue unataka kipi. Kwenye sayansi au historia lengo ni maarifa: mwache asikilize kwa kasi anayoipenda, hata kubwa, kwa kuwa watoto hawa wana masikio yanayokimbia kuliko macho yao, na kumlazimisha mwenye kiu ya volkano akwame dakika 40 kwenye ukurasa mmoja ni kumfundisha kuchukia volkano. Kwenye zoezi la kusoma, utaratibu ni mwingine. Chukua aya moja ya sentensi tano au sita. Mara ya kwanza asikilize macho yakifuata rangi. Mara ya pili asome kwa sauti pamoja na Rehema. Mara ya tatu zima sauti, asome peke yake, wewe ukitazama mikia ya vitenzi. Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha. Ukizidisha, macho yanaacha ukurasa na kazi yote inabaki kwa masikio. Ishara yake ni rahisi: simamisha sauti ghafla, mwambie aguse neno lililotamkwa mwisho. Asipolijua, pumzika.

Mwenye ADHD, yaani shida ya kutotulia na kukosa umakini, bila disleksia hafaidiki hivyo hivyo. Rangi inayotembea humshika siku chache za mwanzo, halafu inakuwa sehemu ya ukuta. Kwake kidirisha cha mistari kina faida kuliko sauti. Mtoto mwenye usonji anayesumbuliwa na sauti, mjaribishie spika ya kompyuta kwanza; vidude vya kuingiza sikioni wengine hawavivumilii kabisa, na vya kufunika sikio zima navyo hubana.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni kwamba sauti hizi huletwa kwa intaneti. Bando likiisha, Rehema ananyamaza katikati ya sentensi. Shule isiyo na mtandao isijisumbue. Ya pili ni vitabu vyenyewe: PDF nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu ni picha za kurasa, si maandishi. Jaribu kuteua neno moja kwa kipanya. Likikataa, hakuna kitakachosomwa. Dawa ni kuipakia kwenye Google Drive, kuifungua kwa Google Docs ili picha igeuzwe maandishi, kusahihisha, kisha kuipakua tena kama PDF na kuifungua ndani ya Edge. Neno kusahihisha nimelitaja kwa kusudi. Alama ya ng' hupotea kwa urahisi, l na i hubadilishana, na neno lililokatwa mwisho wa mstari hubaki vipande viwili. Kurasa zenye safu mbili huvuruga mpangilio wa aya. Tenga nusu saa kwa kurasa chache, na umpe kazi hiyo mtu mzima, si mtoto mwenyewe.

Ya tatu ni ndogo lakini inaudhi: sauti huweza kukosea vifupisho kama k.m. na n.k., namba za Kirumi, na sehemu za hisabati kama nusu na robo zikiandikwa kwa tarakimu. Viandike kwa maneno kabla ya somo. Usitarajie pia mashine itenganishe barabara ya magari na "barabara" ya kazi iliyofanywa sawasawa. Kinachoyatofautisha ni mkazo wa sauti, nao hauonekani kwenye maandishi.

Kwa Tanzania, pale mtoto anapoingia kidato cha kwanza kwenye shule ya serikali na masomo kugeuka Kiingereza, ndipo disleksia iliyojificha miaka saba inapoanguka hadharani. Kiingereza hakina huruma ya herufi: though, through na tough vinafanana kwa macho, havifanani mdomoni. Edge ina sauti za Kiingereza cha Tanzania, Imani na Elimu, na cha Kenya, Asilia na Chilemba. Tungeanza na hizo kabla ya zile za London au Marekani, kwa sababu lafudhi yao iko karibu na ya mwalimu wa mtoto, na mtoto tayari ana mzigo wa kutosha. Kumbuka kubadili sauti mwenyewe unapohama lugha. Daudi akisoma aya ya Kiingereza mtoto atacheka, na somo limekwisha.

Asiye na kompyuta ana njia ya pili: simu ya Android yenye huduma ya matamshi ya Google ina sauti ya Kiswahili inayoweza kupakuliwa ikatumika bila mtandao. Haina uhai wa Rehema, na kioo cha simu ni kidogo kwa macho yanayoruka mistari. Kwa mtoto wa kijijini mwenye bando la kubahatisha, tungeanza na hiyo.