Sampu ya Toyota DX: Kagua Mdomo Kabla ya Kutoa Pesa

Wenye Toyota Corolla DX wanalalamika vile vile kila wakati: sampu (bakuli la oili chini ya injini) imebadilishwa, gasketi ya kuziba ni mpya, na oili bado inadondoka. Tatizo mara nyingi liko kwenye mdomo, ule ukingo wenye mashimo ya bolti. Fundi akikaza bolti za 6 mm kwa nguvu zote, bati huvimba kuelekea juu kwenye kila shimo. Gasketi inabanwa pale penye bolti tu, na oili inapita kati ya bolti na bolti.

Ndiyo maana ukienda kununua sampu Kirinyaga Road, Nairobi, ubebe kipande cha kioo. Washa tochi ya simu, iweke juu ya kioo, ifunike na sampu. Mwanga ukipenya kati ya mashimo, mdomo umevimba. Uvimbe mdogo unatengenezeka: weka chuma bapa chini ya ukingo, gonga polepole kutoka upande wa gasketi. Mdomo uliopinda wote uache hapo hapo.

Chaguo langu la kwanza ni ya Toyota yenyewe, iliyoshushwa pamoja na injini aina ya 4K kutoka Japani, hata ikiwa na kutu kidogo kwa nje. Sibadilishi msimamo huo.

Ya pili ni sampu yako mwenyewe. Uzi wa plagi ya kumwagia oili ukiisha (M12 × 1.25), chomelea nati mpya. Kisha mimina mafuta ya taa, iweke juu ya gazeti kavu hadi asubuhi. Doa likionekana, irudi kwa mchomeleaji.

Mpya ya kuiga ni ya mwisho. Nyingine huwa na kina kifupi, kichungi cha pampu ya oili kinakaribia sakafu ya sampu na oili haivutwi vizuri. Bandika plastisini kwenye sakafu chini ya kichungi, jaribisha sampu, kisha pima plastisini iliyobanwa: ibaki 6 hadi 10 mm. Kama ya zamani ina bati la ndani la kuzuia oili kukimbia, mpya isiyo nalo itakuadhibu kwenye mteremko wa Mai Mahiu.

Kufunga: spana fupi ya 10, anzia katikati ukienda pembeni, mizunguko miwili au mitatu ya kukaza kidogo kidogo. Silikoni ni tone tu kwenye kona.

Wanaoniudhi kabisa ni wauzaji wanaopulizia rangi nyeusi sampu iliyobondeka, wanaiita mpya, na risiti hawatoi. Kwangua rangi kwa ufunguo mbele yao. Akikataa, nenda duka la pili.